Nailoni na Chaki

Mimi sina ugomvi na pikipiki. Niseme hivyo mapema, maana mama mkwe amekuwa akiwatangazia watu kwamba niliionea wivu kana kwamba nimeletewa mke mwenza. Uongo mtupu. Mke mwenza angalau angeosha vyombo.

Pikipiki tuliinunua mimi na mume wangu, kwa jasho letu wote wawili. Yeye anatengeneza mafriji. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi namwita hivyo hivyo, nikimpenda na nikimkasirikia, sauti tu ndiyo inabadilika. Mimi nashona. Cherehani yangu iko barazani kwa Mama Maziwa, mwenye duka la maziwa, na mafundi wawili kuishi nyumba moja kuna raha yake na karaha yake. Yeye huniibia chaki zangu za kuchoria nguo. Mimi huzikuta mifukoni mwa suruali zake siku ya kufua, zimebaki vipande. Nikimuuliza za nini, ananijibu, "Kazi." Nikaacha kuuliza.

Makubaliano yetu ya pikipiki yalikuwa wazi. Siku nyingine zote ingembeba yeye na sanduku lake la vifaa kwenda kwa wateja, lakini Jumatatu na Alhamisi ingekuwa yangu. Nilikuwa nimeitwa kufundisha ushonaji kwenye chuo cha ufundi, kule nyuma ya kilima. Mimi! Mimi niliyejifunza kushona kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia, leo niitwe mwalimu. Sasa, magari hayafiki kule, na bodaboda ukiwatajia kile kilima wanaanza kutafuta kitu mfukoni. Bila pikipiki yetu hakuna ualimu. Ndiyo maana nilikwenda shule ya udereva hata kabla hatujainunua, nikajifunza kwenye mkweche unaopiga kelele kama mashine ya kusaga, nikapata leseni, nikaifungia kabatini pamoja na nguo zangu za kutokea.

Basi, ikaja. Nyekundu, inameremeta, tangi lake ungeweza kujitazama ukafunga kilemba. Na Fundi akapotea.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, lakini hawakusema kinyemi chenyewe kitaingizwa sebuleni. Aliisogeza meza, akaliondoa kochi la mama yake, akaiegesha pale katikati kama mgeni rasmi. Akaifunika shuka. Shuka yangu ya maua! Kiti kilikuja na nailoni ya kiwandani, nikataka kuibandua, akanishika mkono. "Iache. Hiyo haitoki mpaka itoke yenyewe." Ukitaka kuikaribia lazima uvue mkanda, chuma chake kisije kikakwaruza. Na kazini akawa anakwenda kwa miguu. Leo kuna kokoto, kesho kuna tope, keshokutwa njia ile ina watoto wengi wanaorusha mawe. Siku moja alirudi mchana wa jua kali, sanduku la vifaa begani, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, akapita sebuleni, nikamsikia kwa masikio yangu haya mawili akisema kwa upole, "Hujambo?"

Nikaitika kutoka jikoni, "Sijambo."

Aliruka. Hakuwa ananisalimia mimi.

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Yeye tunaishi naye, ni mama ambaye mdomo wake haujui kufunga duka, lakini mimi na yeye tunaelewana. Ilipofika wiki ya mwisho kabla sijaanza kazi, na mimi kila nikimwambia mume wangu anipe niizoee kidogo ananijibu "Tutaona," mama ndiye aliyemvaa.

"Mpe mwenzio apande," alimwambia. "Au unaiatamia mpaka itotoe?"

Siku ya Jumamosi Fundi akakubali.

Tulikwenda uwanja wa mpira, yeye akiisukuma kwa mkono njia nzima, mimi nyuma na kofia ngumu kichwani, watu wanatuuliza kama imezimika. Manyunyu yalikuwa yametoka kupita. Nilipopanda, nikahisi kiti kinateleza kama sahani yenye mafuta.

"Fundi, tuitoe hii nailoni."

"Nailoni ndiyo inayokilinda kiti."

"Na mimi ananilinda nani?"

"Wewe endesha tu. Polepole."

Nikaendesha. Na nisijisifu, ila raundi ya kwanza niliiendesha vizuri, gia zinaingia zenyewe, upepo usoni, nikajiona tayari niko juu ya kilima naitwa mwalimu. Raundi ya pili Fundi akapiga ukelele, "Tope! Tope mbele!" Nikafunga breki. Pikipiki ikatii, ila mimi nikaendelea na safari. Niliserereka juu ya ile nailoni mpaka tumbo likagota kwenye tangi, na mkono nao, kwa kuwa ulikuwa umeshikilia, ukavuta resi yote. Lo! Ile pikipiki iliruka, ikapiga nguzo ya goli kwa madigadi, ikalala upande wa kushoto. Mimi nikalala upande wa pili.

Nasema haki: alinikimbilia mimi kwanza. Mtu asije akamsingizia mume wangu. Alinishika mabega akaniuliza, "Umeumia? Umeumia wapi?" Nikamwambia ni kiwiko tu kimechubuka. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Lakini macho yake, masikini, yalikuwa yanatoroka. Mdomo unaniuliza mimi, macho yanakwenda kule.

"Nenda kaitazame," nikamwambia.

Akaenda. Aliiinua taratibu kama anamwinua mgonjwa. Madigadi ilikuwa imekwaruzika, mkono wa klachi umepinda, taa ya indiketa ya kushoto inaning'inia kwa waya, na kwenye tangi, pale pale pa kujitazamia, jiwe lilikuwa limebonyeza shimo la kutosha yai. Fundi alipitisha kidole pale. Afadhali angetukana.

"Ni nailoni yako!" nikafoka, maana ukimya wake ulinichoma kuliko kiwiko. "Nilikwambia tuitoe!"

"Ungeachia resi."

"Ningeachia vipi na mimi niko juu ya tangi?"

"Ungeachia tu."

Tukarudi nyumbani kila mtu na upande wake wa njia. Mama mkwe alikuwa kizingitini. Aliangalia kiwiko changu, akaangalia tangi, akaangalia uso wa mwanawe, akajitanda khanga kichwani.

"Poleni na msiba," akasema. "Marehemu alikuwa na umri gani?"

Siku nyingine ningecheka.

Mchana huo wote Fundi alihangaika. Alianza na dawa ya meno, akasugua mikwaruzo mpaka sebule nzima ikanukia asubuhi. Mikwaruzo ikabaki, ila sasa ilikuwa safi. Akachukua ule mpira wa kuzibulia sinki, akaubandika kwenye shimo la tangi, akavuta, ukatoka na sauti ya aibu na shimo likabaki vile vile. Mwishoni nikamkuta na kichupa changu cha rangi ya kucha. Kumbe wekundu nao una makabila! Yangu ilikuwa nyekundu ya nyanya, ya pikipiki ni nyekundu ya damu. Madigadi ikaonekana ina surua. Akaipangusa, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akainama.

Nilimwonea huruma na nikamkasirikia, vyote viwili kwa mpigo. Na mimi je? Nani alijua kwamba tangu uwanjani mikono yangu ilikuwa haijaacha kutetemeka? Kila nikifumba macho naiona ile nguzo inakuja. Nilikuwa naogopa, hilo ndilo neno lenyewe, na mwanamke wa hasira kama mimi akiogopa hujificha nyuma ya ukali.

"Pikipiki yako ikae hapo sebuleni mpaka ioze," nikamwambia. "Mimi siigusi tena, ng'o! Kesho nampigia mkuu wa chuo namwambia atafute mwalimu mwingine."

Nilitaka aseme usipige. Alisema, "Sawa."

Tulikula bila kuzungumza, na mama mkwe akazungumza kwa niaba yetu sote.

Jumapili asubuhi, Fundi akiwa uani ananawa uso, mama aliniita nikamshikie uzi anaouviringa kuwa donge. Nilijua si uzi.

"Mwanangu, nisikilize. Mume wako ni kitinda mimba wangu. Juu yake wana wa kiume watupu. Unajua maana yake?"

"Sijui, mama."

"Maana yake shati lilikuwa likimfikia limepita migongo yote ya kaka zake. Viatu vinamfikia vimeshafungua mdomo. Hata daftari anapewa lililochorwa jalada. Baiskeli aliachiwa na mjomba wake, vifaa vya kazi karithi kwa bwana aliyemfunza. Suti aliyokuolea uliona ilivyomshika mabegani?"

Niliiona. Nilidhani kanenepa.

"Ya kuazima," akasema mama. "Hiyo pikipiki ndiyo kitu cha kwanza maishani mwake kuja bila alama ya mtu. Simtetei, alichofanya ni upumbavu, na ile nailoni angeivaa yeye. Nakwambia tu ujue unagombana na nani."

Nilimaliza kushika uzi, nikachukua simu yangu, nikaenda barazani kwa Mama Maziwa. Duka la maziwa halina Jumapili, na mimi vile vielelezo vyote vya karatasi nilivyowakatia wanafunzi, mikono, kola, viuno, vilikuwa vimekunjwa pale chini ya cherehani. Nilitaka nivitoe nafasi ile ipate kazi nyingine. Na nilitaka nimpigie mkuu wa chuo nikiwa mbali na nyumbani, ili nikilia asinione mtu.

Nikafika nikakuta Mama Maziwa anapunga khanga mbele ya friji lake. "Jirani, limenizimikia! Limegoma tangu alfajiri, maziwa nimeyagawa kwa majirani wayachemshe. Nimeshamwita mumeo."

Kabla sijasema kitu, Fundi huyo, kwa miguu, sanduku begani. Tukapeana salamu za watu wasiojuana. Alilifungua friji nyuma, akagongagonga, akasikiliza, akasema kompresa imekufa, lazima alipeleke karakana. Akaagiza mkokoteni. Mimi nikaketi kwenye kiti changu cha cherehani, simu mkononi, namba ya mkuu wa chuo iko kwenye kioo, kidole kinakataa kubonyeza.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya chaki zangu.

Fundi alitoa kipande mfukoni. Akaanza kulizunguka lile friji, polepole, na kila penye kovu akalizungushia duara. "Mwenye mali, shuhudia," akasema kwa sauti yake ya kazini. "Hapa mlangoni, mkwaruzo. Ulikuwepo?"

"Ulikuwepo," akajibu Mama Maziwa.

Kumbe ni desturi yake na kila mteja. Kabla hajaligusa friji la mtu kulibeba, huonyesha kila alama, mwenyewe akakiri kwamba ilikuwepo, ili baadaye mtu asilaumiwe kwa jambo ambalo hakulifanya. Kilichotiwa duara hakina kesi. Miaka yote hiyo nalala na mtu huyu na sikuwa najua.

"Hapa ubavuni, pamebonyea. Palikuwepo?"

Mama Maziwa akaanza kucheka. "Palikuwepo! Hapo ndipo binti yangu alipojifunzia kutembea. Alikuwa anakuja mbio, hana breki, friji ndilo linalomsimamisha. Puu! Kila siku. Sasa kaolewa, na kila nikipafuta hapo namwona."

Fundi aliandika duara. "Na hapa juu?"

"Siku ya kuhamia hapa. Marehemu baba yao alisema mlango unatosha, mimi nikasema hautoshi. Haukutosha!" Alipapapasa pale kwa kiganja. "Usije ukanipakia rangi hapo, Fundi. Tengeneza ndani tu. Nje niachie, huko ndiko ninakomkumbuka."

Fundi alikuwa ameinua chaki aandike duara la mwisho, na hakuliandika. Alisimama tu, mkono hewani, analitazama lile friji kama ndiyo kwanza analiona. Mama Maziwa akanikonyeza, akidhani mume wangu kashikwa na usingizi.

Mkokoteni ulipofika wakalipakia. Fundi akaufunga kamba, akauzunguka, akaja mpaka kwenye cherehani yangu.

"Umeshampigia mkuu wa chuo?"

"Bado."

"Usimpigie," akasema, akageuka akausukuma mkokoteni wake akaenda.

Nilikaa pale na simu mpaka kioo kikazima chenyewe. Nikavikunja upya vielelezo vyangu, nikavitia kwenye mfuko. Sikujua kama nimesamehewa au nimeamrishwa, na kwa tabia yangu kuamrishwa sikutaki. Lakini sikupiga.

Jumatatu asubuhi niliamka sebule ni pana. Kochi la mama limerudi mahali pake na mama mwenyewe kalikalia, kikombe cha chai mkononi, ameliringia kama kiti cha enzi. "Unasubiriwa nje," akaniambia.

Pikipiki ilikuwa uani, kwenye jua. Mkono wa klachi umenyooshwa, indiketa imerudishiwa kwa waya na gundi. Kiti hakina nailoni. Nilipagusa, pakanishika mkono, ngozi kavu kabisa. Fundi alikuwa amesimama pembeni na chaki yangu, mpya, nzima, kaiiba tena.

"Mwenye mali, shuhudia," akasema.

Nikadhani ananitania. Uso wake haukuwa wa utani.

"Hapa kwenye tangi, pamebonyea." Akapazungushia duara jeupe. "Palikuwepo?"

"Fundi, bwana..."

"Palikuwepo?"

"Palikuwepo."

"Hapa madigadi, mikwaruzo. Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Hii ya goli," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikaona jino lake. "Beki wa mbao kakukaba."

Akaendelea kuzunguka. Akahamia upande wa kulia, upande usio na doa hata la inzi, akainama, akachora duara. Akachora jingine kwenye bomba la moshi. Akachora jingine nyuma, chini ya taa.

"Fundi," nikamwambia, "hapo hapana kitu."

"Najua."

"Sasa unazungushia nini?"

Alinyanyuka, akajipangusa magoti. Sauti ya kazini ilikuwa imemwisha. "Kile kilima nakijua, mke wangu. Kina mawe, kina kona, na kina ng'ombe wasiojua honi. Hizi nimezizungushia mapema. Ikitokea chochote, kilikuwepo."

Machozi yalinitoka mbele ya mama mkwe aliyekuwa anachungulia dirishani, na wala sikuona haya.

"Na mikono yangu inatetemeka," nikamwambia. "Tangu Jumamosi. Sikukwambia."

"Hata yangu. Twende wote uwanjani kwanza, raundi moja. Leo hakuna atakayeteleza."

Tukaenda. Safari hii hakuisukuma, alinipakia. Uwanjani akashuka, nikazunguka lile goli peke yangu, kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha nikaipita ile nguzo nikaipigia honi. Nilipomtazama alikuwa anapunga mkono, sio wa kunisimamisha, wa kuniaga. Nikanyoosha moja kwa moja kuelekea kilimani na vielelezo vyangu mgongoni.

Kufundisha ni jambo lingine, nitalieleza kwa wanaotaka kusikia, na hata kwa wasiotaka. Nikwambieni tu kwamba darasa zima lilisimama nilipoingia, nikageuka nyuma kutazama wanamsimamia nani.

Wakati wa kurudi, jua likiwa bado juu ya mapaa, kona ya mwisho ya kilima kulikuwa na ng'ombe. Sikuanguka. Nilifunga breki, kiti kikanishika, nikapita pembeni, ila tawi la kichaka likapita ubavuni likilia chwaaa, nikajua limeandika.

Fundi alikuwa kizingitini, mikono bado na vumbi la kompresa ya Mama Maziwa. Nilizima injini, nikavua kofia. Nikangoja macho yake yatoroke. Hayakutoroka. Alinitazama mimi, kuanzia viatu mpaka kilemba, taratibu.

"Hujambo, mwalimu?" akasema.

"Sijambo," nikasema, na safari hii salamu ilikuwa yangu kweli.

Ndipo akazunguka kutazama. Ule mkwaruzo mpya ulikuwa upande wa kulia, mrefu kama kidole, na ulikuwa umeanzia ndani ya duara lake ukatokeza nje. Nikafungua mdomo nimweleze habari za ng'ombe. Fundi alikuwa ameshachuchumaa, katoa kipande cha chaki mfukoni, anafuta mstari wa zamani kwa kidole gumba na kuchora duara kubwa zaidi.

"Ulikuwepo," akasema.